Picha isiyo na macho wala pua haimaanishi mchoraji kaishiwa hela

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu wote. Naandika kujibu barua ya msomaji mmoja mliyoichapisha ukurasa wa maoni Jumapili iliyopita, yule aliyesema alienda kuangalia maonesho ya picha akatoka amekasirika, manake alikuta watu wamechorwa hawana macho wala pua, vidole havihesabiki, rangi zote za udongo udongo, afu bei ndo usiseme. Akamalizia kwamba wachoraji wetu siku hizi ni wavivu, wanatuuzia picha ambazo hazijaisha, rangi wameshindwa kununua, na kibaya zaidi staili yenyewe wameiga kwa Wazungu. Mi sikushiriki maonesho yale na aliyechora wala simjui, ila kazi hiyo hiyo ya watu wasio na sura kwa rangi nne ndo naifanya hapa Moshi miaka mingi sasa, kwa hiyo jiwe lililorushwa kule limenipata na mimi huku. Naomba nafasi nijibu, na naomba msinikate sana.

Nianze na pale alipopatia. Wavivu wapo, tena wengi, na hii staili ya kurahisisha mtu imekuwa kichaka cha kujifichia, mtu hajui kuchora mkono basi anaufuta anasema ndo sanaa ya kisasa. Hilo nakubali bila ubishi. Lakini kuna mchoraji aliyeuacha mkono kwa sababu umemshinda na kuna aliyeuacha kwa sababu hauhitajiki, na picha zao ukiziweka pamoja hazifanani hata kidogo. Ya kwanza yule mtu anaelea tu, hana uzito. Ya pili mtu kasimama, unaona kabisa mguu upi umebeba mwili na upi umepumzika, bega moja limeshuka kwa sababu ndoo iko upande ule. Kaka yangu huyo angeangalia hapo kwanza kabla ya kutafuta macho.

Na hili la rangi chache limenichekesha kidogo, manake barua yake imechapwa kwenye gazeti ambalo lenyewe picha zake zote zinatoka kwa wino wa aina nne tu. Chukua lenzi ya kukuzia, sogeza karibu kabisa na picha yoyote ya rangi kwenye ukurasa wa michezo, utaona vidoa vya samawati, vya pinki iliyokolea, vya njano na vya nyeusi, basi. Jezi nyekundu ya Simba, kijani cha Yanga, nyasi za uwanja, uso wa kocha aliyefungwa, vyote vimetoka kwenye vidoa hivyo na weupe wa karatasi. Sijawahi kuona barua ya msomaji analalamika kwamba gazeti limeishiwa wino.

Sisi wa rangi za mafuta (nasema rangi za wasanii za kwenye tubu, sio ile ya kupaka mlango inayouzwa duka la hadiwea) nne zetu ni tofauti na za gazeti. Wengi tunafuata mchoraji mmoja wa Sweden, Anders Zorn, aliyezaliwa Mora mwaka 1860 na akafia huko huko 1920. Ipo picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1896, iko Nationalmuseum pale Stockholm, kashika paleti (kile kibao cha kuchanganyia rangi) mkononi na juu ya paleti kuna mafungu manne tu: nyeupe, njano ya udongo ambayo mafundi tunaiita yelo oka, nyekundu ya vamilioni, na nyeusi. Bluu hamna. Kijani hamna. Na huyu hakuwa maskini wa kushindwa kununua tubu, alikuwa anaitwa Marekani kuchora matajiri, akamchora Rais Grover Cleveland mwaka 1899 na Rais William Taft mwaka 1911, watu ambao wangeweza kumlipa mchoraji yeyote waliyemtaka. Kwenye kazi nyingine aliongeza rangi, alipotaka kijani cha majani alikitumia, haikuwa dini. Ila kwa watu, kwa ngozi na nguo na chumba, nne zilimtosha. Wala hakuanzisha yeye, Mrumi Pliny aliandika karibu miaka elfu mbili iliyopita kwamba Apelles na wachoraji wenzake wakubwa wa Ugiriki walifanya kazi zao kwa nyeupe, njano, nyekundu na nyeusi.

Sasa utauliza bluu inatoka wapi. Nyeusi ya aivori, yaani ya pembe za ndovu, ambayo siku hizi inatengenezwa kwa mifupa iliyochomwa, ina ubaridi ndani yake. Changanya na nyeupe upate kijivu, halafu kiweke kijivu hicho pembeni ya njano na nyekundu, jicho lenyewe linakisoma bluu. Ukikiweka peke yake kwenye karatasi nyeupe ni kijivu tu, hamna uchawi. Nyeusi na njano inakupa kijani cha zeituni, kinatosha kwa mgomba wa jioni, kwa magwanda, kwa chupa ya bia. Nyekundu na nyeusi ni kahawia, nyekundu na njano ni chungwa la udongo, na nyekundu na nyeusi ukitia nyeupe unapata zambarau fulani iliyochoka hivi ambayo kwa kivuli cha shati jeupe sijaona ya kuishinda. Vamilioni yenyewe wengi tumeiacha, ina zebaki, tunatumia nyekundu ya kadimiamu ile inayoelekea kwenye chungwa, na nyeupe ya risasi tumebadilisha na ya titaniamu kwa sababu risasi ni sumu. Hata kadimiamu nayo usile chapati na vidole vyenye rangi, vijana wananisikia kwa hili kila siku.

Na hapa ndo nakuwa mkali, manake hizi rangi nne kwa sisi watu weusi zina maana kuliko hata kwa Zorn mwenyewe. Miaka na miaka madukani kumekuwa na tubu na penseli zinaitwa rangi ya ngozi, ukifungua ni pinki. Kampuni ya Crayola ya Marekani ilikuwa na krayoni yenye jina hilo, mpaka mwaka 1962 ndo wakalibadilisha wakaiita rangi ya tunda la pichi. Kijana anayejifunza kwangu anakuja na tubu ya namna hiyo, anataka kumchora bibi yake wa Rombo, anaanza na pinki afu anaichafua na kahawia ya dukani mpaka ngozi ya bibi inakufa kabisa, haina damu wala joto. Namwambia weka pembeni zote mbili. Ngozi nyeusi naanza na nyeusi na nyekundu, nyekundu ndo inaleta damu, natia njano kidogo pale jua linapopiga, na penye mng'ao, kwenye paji la uso au juu ya bega, siweki nyeupe tupu hata siku moja, naweka kile kijivu cha baridi, kwa sababu ngozi nyeusi inapong'aa inarudisha mwanga wa mbingu, na kijivu kikikaa juu ya kahawia yenye joto kinageuka bluu mbele ya macho yako. Muangalie fundi ujenzi aliyevua shati saa saba mchana, ana jasho, bega lake lina bluu. Sio uongo wa msanii, ipo pale. Chini ya kidevu ni kinyume, ile ardhi nyekundu inarudisha joto kwenda juu, basi hapo naongeza nyekundu. Sasa kaka yangu anayesema rangi za udongo udongo, ndio, ni za udongo, na ndo maana mtu anatokea.

Nisidanganye kwamba nne hizi zinafanya kila kitu. Kanga ya pinki kali huipati. Bahari ya Unguja saa nne asubuhi huipati hata ukeshe, na mchoraji wa pwani anayeng'ang'ania rangi za Zorn kwa ushabiki tu anajitesa. Achague nne zake nyingine. Kuna wanaotumia bluu ya altramarini, siena ya kuchoma (kahawia nyekundu ya udongo), njano ya udongo na nyeupe, na altramarini na siena ukizichanganya unapata nyeusi tamu kuliko ya tubu, unaweza kuivuta kwenye baridi au kwenye joto unavyotaka. Altramarini hiyo zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lapisi lazuli la Afghanistan, bei yake ilikuwa balaa, mpaka miaka ya 1820 Wafaransa na Wajerumani walipojua kuitengeneza kiwandani, ikashuka mpaka ikaishia kwenye bluu ya kufulia mashati meupe ya shule. La msingi uchague kabla hujaanza, afu ukae ndani ya ulichochagua, sio picha ikikushinda katikati unakimbilia kijani cha tubu.

Kwanini tujifunge hivyo? Kwa sababu rangi zote kwenye picha zinakuwa ndugu. Kijani chako kina ile ile njano iliyoko kwenye ngozi, kivuli cha ukuta kina nyeusi ile ile iliyoko kwenye nywele, kwa hiyo hamna rangi inayopiga kelele peke yake. Na akili ya mchoraji inaacha kuhangaika na tubu ipi, inabaki na swali moja tu, hapa pana mwanga au pana kiza, na ni kiasi gani. Ukipatia mwanga na kiza, rangi unaweza kukosea na mtu wako bado akasimama. Ukikosea mwanga na kiza, hata upewe duka zima la rangi hakuna wa kukuokoa.

Haya, macho na pua sasa. Mama yako anarudi kutoka sokoni, yuko mbali kule mwisho wa barabara, macho yake huyaoni, pua huioni, ila unasema yule pale mama. Umemjuaje? Kwa mwendo, kwa namna anavyopindisha shingo chini ya mzigo, kwa mkono ule anaoushika kiunoni akifika kwenye mlima. Hicho ndo tunachokichora, na hakipatikani kwenye foto ya simu, kinapatikana kwa kumuangalia mtu muda mrefu mpaka ajisahau kwamba unamuangalia. Nawafundisha vijana wafumbe macho nusu mpaka vitu vidogo vidogo vipotee, yabaki mapande matatu au manne ya mwanga na kiza, kisha wapake hayo mapande kwa brashi ya inchi moja. Brashi ndogo mwanzoni nawanyang'anya kabisa. Kwa brashi ya inchi moja huwezi kuchora kope hata ukitaka, inabidi uamue, kichwa pande moja la mwanga na moja la kiza, shati upande wa jua na upande wa kivuli, mguu mpigo mmoja kuanzia gotini mpaka chini. Kivuli cha mtu kikikutana na kivuli cha ukuta tunaviacha viungane, hatuweki mstari katikati, anayeangalia atamalizia mwenyewe. Mtangazaji mzuri wa mpira redioni hakwambii kila mchezaji kavaa soksi gani, anakupa mpira uko wapi, nani anaukimbilia, sauti yake inapanda, na we uliyekaa kibandani unaona uwanja mzima, akianza kukueleza nyasi goli linapita.

Na ngoja niseme hili, kuondoa ni kazi kuliko kuweka. Picha yenye kila kope ikikosewa kope moja hamna atakayejua. Picha ya mtu mzima aliyejengwa kwa mipigo michache ya brashi, mmoja ukienda vibaya kila mtu ataona kuna kitu hakijakaa, hata kama hawezi kusema ni wapi. Na mpigo uliokosewa kwenye rangi ya mafuta dawa yake ni kuukwangua kwa kisu uanze upya, ukiuchezea chezea na brashi unakuwa matope. Asubuhi nzima inaweza kuisha nakwangua kichwa kile kile, mchana mteja anaingia anakuta kichwa kina mipigo mitano anauliza hii imekuchukua dakika ngapi, na mi nacheka tu manake hata nikimwambia haamini.

Hili la kuiga Wazungu ndo limeniuma kuliko yote. Hebu mwambieni aende Kondoa, pale Kolo, kwenye ile michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, kuna sehemu zaidi ya 150 za kujikinga chini ya miamba zenye michoro. Aangalie wale watu wekundu. Warefu, wembamba, wengine vichwa vimeumuka na nywele za ajabu, macho hawana, pua hawana, na rangi ni moja, nyekundu ya udongo wenye chuma. Hiyo nyekundu ni ndugu wa damu wa njano yangu ya tubu, zote mbili ni kutu ya chuma kwenye udongo, hata ile njano ukiichoma motoni inageuka nyekundu. Kuna kundi moja pale Kolo, mtu wa katikati anavutwa mikono na wenzake huku na huku, kuna wanaosema anatekwa na kuna wanaosema ile ni ngoma. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipiga kambi huko mwaka 1951 kuinakili michoro ile na mpaka leo watu wanabishana nini kinaendelea, na ubishi wote huo ni juu ya watu wasio na sura. Kungekuwa hamna kitu pale nani angebishana? Mzungu gani aliigwa?

Tuje karibu. Hapa hapa kwetu Kilimanjaro, Machame, alizaliwa Sam Ntiro mwaka 1923. Alisoma Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, na baada ya uhuru akawa mwakilishi wetu Uingereza, yaani mchoraji balozi. Huyu alikaa darasani London na angeweza kuchora misuli na vivuli kama walivyochora wao, akaamua asifanye hivyo. Watu wake wadogo, bapa, wako kazini, wanalima, wanavuna, wanajenga, na sura zao huwezi kutolea kitambulisho. Mwaka 1956 alichora kwa rangi za mafuta wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na picha hiyo ilinunuliwa na Museum of Modern Art, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Mchaga yeyote akielezwa tu mada ya picha ile anajua ni shughuli gani, nani anakwenda kwa nani na kwanini lazima pombe iende, haulizi mtu wa tatu kwenye mstari pua yake ilikuwaje. Rangi nne hazikuwa mambo yake, kijani chake ni kingi kama migomba ilivyo, lakini kurahisisha mtu alikuwa mwalimu, na inanishangaza watoto wetu wanamjua Zorn kwa intaneti kabla hawajalisikia jina la Ntiro.

Edward Saidi Tingatinga naye, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alikuwa na vikopo vya rangi ya baiskeli na hadibodi ya mraba. Mnyama mmoja, nyuma yake rangi moja tupu, imekwisha hiyo. Alifariki 1972, na kazi zake zile za mwanzo zilizo nyepesi kabisa ndo wakusanyaji wanazitafuta, wakati mitaani tunauza zilizojazwa twiga na ndege mpaka kwenye kona kwa sababu mteja anahesabu wanyama. Na ukivuka kwenda Lubumbashi, Tshibumba Kanda-Matulu miaka ya 1970 alichora historia ya Kongo picha 101 kwenye kitambaa cha magunia ya unga, wanajeshi wake wamejipanga wote wanafanana, na akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha kule kwao. Hawa wote sijui walimuiga nani.

Kuhusu bei, kwa kifupi, kwa sababu najua ndo kidonda chenyewe. Tubu nne za daraja la wasanii sio rahisi. Njano ya udongo na nyeusi ndo nafuu, kadimiamu ndo inauma, na nyeupe inaisha haraka kuliko zote, hiyo nunua tubu kubwa ya mililita 200 na nyingine za mililita 37 zitakwenda nayo. Bado nasema ni afadhali hizo nne nzuri kuliko boksi la tubu 24 za bei chee zilizojazwa unga wa kuongezea uzito, unachanganya mbili tu tayari zimekuwa majivu. Halafu kuna kitambaa, sisi tunatumia amerikani, unakivuta kwenye fremu, unakipaka gundi na rangi nyeupe ya msingi mara mbili tatu, manake mafuta yakigusa pamba tupu yanaila polepole na miaka ikienda kitambaa kinakatika. (Michael Armitage, kijana aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, yeye anachora mafuta juu ya lubugo, lile gome la mti la Waganda, matundu na mishono anaiacha ionekane, nami nina wivu naye.) Tabaka la chini linakuwa jembamba lenye tapentaini, la juu ndo lenye mafuta zaidi, ukigeuza picha inapasuka. Na mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani, ndo yaliyomo kwenye rangi hizi) hayakauki kwa maji kutoka kama rangi ya ukuta, yanakauka kwa kuvuta hewa, kwa hiyo unagusa juu pamekauka kumbe ndani bado, nyeusi ndo inachelewa kuliko zote, na vanishi inasubiri miezi sita, rangi ikiwa nene mwaka. Mteja analipia na huo muda. Na kwa vijana mnaosoma hapa, vitambaa vya kufutia brashi vyenye mafuta ya linsidi msivirundike kwenye kona, vinaweza kushika moto vyenyewe bila kiberiti, vilowekeni kwenye maji.

Jambo lingine linalowaharibu wachoraji wetu linaanzia mbali, kwenye mashindano ya wanafunzi. Zawadi karibu zote zinaenda kwa aliyenakili foto ya kiongozi kutoka kwenye simu kwa penseli mpaka vinyweleo vya shingo. Nawapongeza kwa subira, mi sina subira hiyo. Lakini foto ilishafanya maamuzi yote, imechagua mwanga, imechagua upande, imesimamisha kila kitu, mtoto kabakiwa na kujaza tu. Mpe mtoto huyo mkaa mmoja na karatasi umpeleke stendi amchore mpiga debe anayeita abiria, huyo hasimami hata sekunde, hapo atajifunza kuacha vitu kwa lazima. Walimu wa sanaa wanalijua hili vizuri tu, ila mzazi akiona mtoto kaleta nyumbani mtu asiye na macho anauliza ada inaenda wapi.

Mwisho nina ombi kwako mhariri. Picha ya maonesho yale mliyoiweka pembeni ya barua mliikata, mkabakiza kichwa na mabega. Kwa picha ya sura ya mtu, hiyo ni sawa, kwa picha ambayo habari yake yote iko mgongoni na miguuni mmeitoa habari mkaacha kofia. Mkichapisha kazi ya namna hii siku nyingine iwekeni nzima mpaka kingo zake, chini andikeni ukubwa kwa sentimita na kama ni mafuta au akriliki (zile rangi za kuchanganya na maji), na mumuombe fundi wa kurasa asiikoleze kwa kompyuta, kahawia ya yule mama aliyebeba kuni ilitoka chungwa kabisa. Na kaka yangu msomaji, kama maonesho hayajafungwa rudi, simama nyuma hatua nne tano, usikisogelee kile kikaratasi cha bei, angalia nani amechoka kwenye picha ile na nani hajachoka. Ukiwaona tuandikie, usipowaona tuandikie vile vile hata kama ni kunisema, ukurasa upo.

Ni mimi msomaji wenu, mchoraji,
Majengo, Moshi.